Shibiri mbili chini ya boya: kisa cha asubuhi tuliyokosa krapi Reelfoot

Saa tano asubuhi ndoo yetu ilikuwa na kambare wawili wadogo wa kahawia, na tulikuwa majini tangu kunapambazuka. Hatua kama arobaini kutoka tulipo, mzee mmoja, peke yake kwenye mtumbwi wa mbao, alikuwa akiinua samaki mmoja baada ya mwingine, krapi, bapa, weupe, wenye madoa meusi, bila pupa yoyote. Ziwa lile lile, upepo ule ule, saa ile ile. Baba mdogo alimtazama muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, yule hatushindi kwa bahati. Kuna kitu anakijua."

Kisa hiki nakiandika kwa ajili ya hicho kitu. Jamaa zetu wengi waliohamia Kentucky, Tennessee na majimbo ya jirani walikuwa wavuvi kabla ya kufika huku, watu wa Baraka, Uvira, Kigoma, kandokando ya Ziwa Tanganyika, waliozaliwa juu ya maji. Wakienda kuvua Jumamosi wanarudi na ndoo tupu, na wengine wameshaamini kwamba maziwa ya Marekani hayana samaki. Samaki wapo. Ila ujuzi wetu wa Tanganyika, ambao ni wa kweli na uliolisha familia, unatupeleka pabaya kwenye maji ya kinamasi, na siku ile niliona kwa macho yangu ni wapi hasa unapokosea.

Kwanza mahali penyewe. Reelfoot iko kaskazini-magharibi ya Tennessee, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari kutoka Bowling Green tunakoishi. Ni ziwa lililozaliwa na tetemeko la ardhi. Kati ya Desemba 1811 na Februari 1812 matetemeko makubwa yalitikisa eneo la New Madrid, ardhi ikadidimia, maji yakajaa palipokuwa na msitu. Msitu ule haukuondoka. Visiki vyake bado vimesimama chini ya maji, vingine karibu kabisa na uso, na kandokando imebaki misaipresi ya kinamasi, miti yenye shina pana kama mbuyu mchanga na mizizi inayochomoza juu ya maji kama magoti ya watu waliozama. Sehemu kubwa ya ziwa haifiki hata pima moja, yaani shibiri nane, kwenda chini. Mtu mrefu angesimama humo maji yasimfikie mdomoni, kama matope yangemruhusu kusimama.

Sasa mfikirie baba mdogo ndani ya maji hayo. Huyu ni mtu aliyevua Baraka tangu akiwa na miaka kumi na miwili, juu ya ziwa lenye kina kinachozidi mita 1,400. Kule mitumbwi miwili inafungwa pamoja, karabai zinawashwa usiku usio na mwezi, dagaa wanapanda kufuata mwanga, na migebuka inapanda kufuata dagaa. Akili ya mvuvi wa kule ni ya kwenda chini: wavu unashushwa mbali na kuinuliwa kutoka mbali. Alipofika Reelfoot hakuwa na karabai wala wavu, lakini akili ilikuwa ile ile. Akafunga chubwi nzito, ndoana nene ya ukubwa wa kidole gumba, nyungunyungu watatu juu yake, akashusha mpaka akasikia chubwi imegusa tope. Mimi nikafanya kama yeye. Ningefanya nini kingine? Yeye ndiye aliyenifundisha.

Kambare ndio waliotujibu, maana kambare huishi kwenye tope. Tulichokuwa tunakitafuta ni krapi.

Krapi wako wa aina mbili, mweusi na mweupe, na Reelfoot wote wapo. Ukitaka kuwatofautisha hesabu miiba ya pezi la mgongoni: mweusi ana saba au nane, mweupe mitano au sita. Madoa ya mweusi yametapakaa ovyo kama mchanga uliomwagika, ya mweupe yamejipanga mistari inayoshuka ubavuni. Louisiana wanamwita kwa jina linalosikika kwa Kifaransa kama mfuko wa maziwa, na ukimkaanga utaelewa kwa nini, nyama yake ni nyeupe na laini, haina harufu ya tope hata akitoka kwenye kinamasi. Yeye na binamu zake wadogo, akiwemo blugili wa mviringo mwenye kifua cha rangi ya chungwa, Wamarekani wanawaita samaki wa kikaango, kwa sababu wanaingia wazima kwenye kikaango cha nyumbani. Jamaa yao mkubwa, besi, alipelekwa hadi Naivasha nchini Kenya karibu miaka mia moja iliyopita, kwa hiyo ukoo huu si mgeni kabisa kwetu.

Lakini umbo la krapi ndilo lililobeba jibu la kisa chote, na sisi tulikuwa hatujalitazama kwa sababu hatukuwa na hata mmoja mkononi. Mzee yule ndiye aliyetuonyesha.

Alikuja mwenyewe. Mtumbwi wake ni wa aina inayotengenezwa pale pale ziwani, umejengwa upande juu ya visiki bila kuvunja kitu chini, na makasia yake yameungwa kati kwa chuma ili mpiga kasia aone mbele anakokwenda badala ya kukipa kisogo. Ukoo wa Calhoun wa Tiptonville umeijenga kwa vizazi, na Dale Calhoun alitunukiwa tuzo ya taifa ya urithi mwaka 1998 kwa kazi hiyo. Baba mdogo aliyasahau masaibu yote ya asubuhi. Alishika yale makasia, akayakunja na kuyakunjua, akaniambia, "Mpe shikamoo yangu kwanza, kisha muulize nani alibuni hiki." Shikamoo ile aliizoea Nyarugusu, kambi ya wakimbizi ya Kigoma, na tangu hapo hajawahi kumpita mtu aliyemzidi umri bila kuitoa. Nikaitafsiri nilivyoweza. Mzee akavua kofia.

Kisha akatazama mshipi wetu unavyoingia majini, akatikisa kichwa. "Mnavua chini ya samaki," alisema. "Wao wako juu ya chambo chenu."

Akachukua krapi mmoja kutoka kwenye sanduku lake, akamgeuza ubavu kiganjani. Macho makubwa, yamekaa juu kabisa ya kichwa. Taya la chini limetokeza na mdomo umeinama kuelekea juu, kama mtoto anayengoja kulishwa. Akaufungua kwa kidole, na pale pembeni ya taya nikaona ngozi nyembamba inayopitisha mwanga, unaona rangi ya kidole ng'ambo ya pili. Baba mdogo aliinama hadi pua ikakaribia samaki. Hakungoja nitafsiri. "Huyu anakula cha juu yake," alisema. "Cha chini yake hakioni."

Ndivyo ilivyo. Krapi husimama kwenye kivuli na kutazama juu. Kidagaa kinachopita juu yake anakiona kama doa jeusi mbele ya mwanga wa anga, na hapo anapanda kukichukua. Kinachopita chini ya tumbo lake kimepotea gizani. Kwenye maji meupe hilo lingekuwa na nafuu kidogo. Reelfoot si maji meupe. Nilitumbukiza mkono wangu ubavuni mwa boti: maji yalipofika kwenye kiwiko vidole vyangu nilikuwa sivioni tena. Kutoka ncha ya kidole cha kati hadi kiwiko ni dhiraa moja, na dhiraa moja ni shibiri mbili. Mzee alipotufungia boya, alipima kutoka kwenye ndoana kwenda juu kwa kiganja chake mara mbili, shibiri mbili kamili, akalikaza hapo. Nilidhani ni kubahatisha. Baadaye ndipo nilipounganisha: alikuwa anaweka chambo pale mwanga unapoishia.

Alitupa pia ndoana mbili za waya mwembamba na vidagaa hai kutoka kwenye ndoo yake, akakataa pesa, akarudi kwenye mti wake, nasi tukahamia ukingo wake.

Dakika za kwanza tulipata samaki na tukawapoteza. Boya lilizama pembeni, hata si kwa nguvu, lilitembea upande kama mtu anayeondoka msibani bila kuaga, na baba mdogo akavuta kwa mkono wote kama anavyomvuta mgebuka. Ndoana ikarudi na kipande cha ile ngozi nyembamba. Mara ya pili hivyo hivyo. Krapi hapaswi kushtuliwa. Unainua ufito taratibu mpaka uzito uje mkononi, kisha unaendelea kuinua bila kulegeza na bila kukaza. Nilimwambia, "Baba, mfanye kama unainua karai la maji lililojaa." Wa tatu akaingia botini.

Hapa wengi wangefunga hadithi: chambo kizuri, ndoana ndogo, samaki. Baba mdogo mwenyewe alikuwa tayari kuifunga hivyo. Aliamini siri ni kidagaa hai. Mimi niliamini ni kina. Tulibishana, na kwa kuwa mchana ulikuwa bado mrefu na samaki wapo, nikamwomba tuupime ubishi wetu. Nasisitiza sehemu hii kwa sababu mvuvi hubadili vitu vitano kwa mpigo, akipata samaki hajui amshukuru nani, na Jumamosi inayofuata anarudi na kitu kisicho chenyewe.

Tulifunga boti kwenye msaipresi mmoja na hatukuondoka hapo. Saa ya kwanza sote wawili tulitumia ndoana nyembamba na vidagaa hai, tofauti ikawa kina tu: mimi shibiri mbili, yeye shibiri tano. Nilipata saba, yeye hakupata. Tukabadilishana. Yeye kwa shibiri mbili akapata sita, mimi kwa shibiri tano nikapata mmoja, na huyo alichukua chambo wakati kinashuka, kabla hakijafika. Kisha tukarudisha nyungunyungu, lakini kwa shibiri mbili: blugili wanne na krapi mmoja. Mwisho nikafunga ndoana yetu nene ya asubuhi na kidagaa hai, shibiri mbili. Krapi mmoja, na vidagaa viwili vilikufa haraka, ndoana ile iliwapasua.

Kwa hiyo baba mdogo hakukosea kabisa. Chambo kilichagua ni samaki gani atakayekuja, kidagaa kwa krapi, nyungunyungu kwa blugili. Ndoana iliamua kama chambo kitaishi. Lakini kina ndicho kilichoamua kama kuna samaki yeyote atakayekiona, na asubuhi nzima tulikuwa tumewalisha kambare wa tope kwa sababu ya shibiri tatu au nne tu. Kwenye Tanganyika shibiri nne si kitu, hakuna mvuvi atakayezihesabu. Kwenye ziwa lisilofika pima, shibiri nne ni nusu ya dunia nzima ya samaki.

Ndoana nyembamba ina faida nyingine ambayo haimo kwenye hesabu yetu. Kati ya visiki utanasa, hilo halina mjadala. Ndoana nene ikinasa, mshipi unakatika na unapoteza kila kitu. Ile ya waya mwembamba inanyooka ukiivuta polepole, inatoka, unaikunja tena kwa vidole na kuendelea. Asubuhi tulipoteza ndoana sita na chubwi zake zote. Mchana hatukupoteza hata moja.

Liko jambo la pili ambalo lilinichukua muda kulielewa, na nadhani mtu aliyekulia karibu na mstari wa Ikweta atalipata kwa taabu kama mimi. Mzee alikuwa kwenye ukingo wa kaskazini wa ghuba ile, sisi tulianza ukingo wa kusini kwa sababu tu ulikuwa karibu na tulipoteremshia boti. Ilikuwa Aprili. Alhamisi upepo baridi ulikuwa umepita, usiku mbili zikafuata bila wingu. Maji mafupi hupoteza joto haraka usiku na kulipata haraka mchana, na krapi wa Aprili wanafuata joto kwa sababu ndio msimu wao wa kutaga: maji yakifika nyuzi 16 hadi 20 za Selisiasi madume yanaingia kwenye maji mafupi, yanageuka weusi zaidi, yanasafisha mahali karibu na mzizi au kisiki na kulinda mayai. Mzee alikuwa na kipimajoto kwenye uzi. Alipopita upande wetu asubuhi kilisoma kama nyuzi 14. Kwenye mti wake, mchana ule, 18.

Sehemu ya tofauti hiyo ni saa tu, lakini kwa nini iwe kubwa hivyo ndani ya ghuba moja? Kwa sababu huku jua halipiti utosini. Mwaka mzima linapita upande wa kusini wa anga. Ukingo wa kaskazini ndio unaolitazama uso kwa uso, na miti yake inaukinga dhidi ya ule upepo wa kaskazini. Ukingo wa kusini unakaa kwenye kivuli chake wenyewe. Kigoma jua linakaa miezi kadhaa upande huu na miezi kadhaa upande ule, hakuna mvuvi anayechagua ukingo kwa ajili yake. Nilimweleza baba mdogo. Alinyamaza, akageuka, akatazama kivuli cha kila mti kilipoangukia. Tangu siku ile akifika kwenye maji yoyote mapya hatoi ufito garini mpaka ametazama vivuli.

Hapa lazima niseme ukweli kuhusu jaribio letu: tulilifanya lote ukingo wa kaskazini, baada ya kuhama. Halithibitishi kwamba shibiri mbili zingetuokoa asubuhi kule kwenye baridi. Huenda krapi kule walikuwa wachache mno. Tulikosea mambo mawili kwa wakati mmoja, mahali na kina, na jaribio lilipima moja. Hata hivyo shibiri tano ziliendelea kushindwa pale pale walipojaa samaki, na hiyo ndiyo sababu bado nakiweka kina mbele.

Saa kumi jioni mti ulinyamaza. Boya lilikaa wima nusu saa. Tulifanya kosa la kungoja, kwa sababu mahali palipotulisha tunapapenda. Krapi wana macho ya gizani, jua likilala wanatoka kwenye kivuli kwenda kutafuta. Tuliwakuta kwenye ukingo wa mayungiyungi, hatua ishirini mbali, na sasa hata shibiri moja na nusu iliwatosha. Baba mdogo alifurahi kusikia kwamba wenyeji wa majimbo haya huning'iniza taa juu ya maji usiku kuwavua krapi hawa hawa: mwanga unaita wadudu, wadudu wanaita vidagaa, vidagaa wanaita krapi. "Karabai," alisema, na akacheka kwa furaha kama mtu aliyekutana na mtu wa kwao stendi ya mbali.

Neno kuhusu sheria, maana limewagharimu watu. Sisi ni wakazi wa Kentucky, hivyo Tennessee tunanunua leseni ya asiye mkazi, kila mmoja ya kwake, kabla ya kushusha mshipi. Idadi ya krapi unayoruhusiwa na urefu wao hubadilika kutoka ziwa hadi ziwa, hata ndani ya jimbo moja. Soma kanuni za ziwa unalokwenda, si za jirani yake. Kama Kiingereza ni kizito, mpeleke kijana anayesoma akusomee kwa sauti.

Tulirudi na krapi ishirini na mmoja. Mama mdogo aliwaparua magamba, akawakata mikato mitatu kila ubavu, chumvi, limau, unga kidogo wa mahindi, mafuta ya moto. Waliliwa na ugali na sombe, na kwa muda mrefu mezani hakukuwa na maneno.

Mwisho wa Mei tulirudi Reelfoot. Baba mdogo alikuwa amefunga uzi mwekundu kwenye mshipi wake, shibiri mbili kamili juu ya ndoana, ili asipime tena. Tukapata wawili tu. Maji yalikuwa yameshapata joto, krapi wameshamaliza kutaga na kuondoka ukingoni, na zamu ilikuwa ya blugili. Wao wanatagia chini, kundi zima pamoja, vishimo vya mviringo vimepangana kwenye mchanga kama alama za kwato za ng'ombe, na dume analinda chake kwa kufukuza kila kinachogusa sakafu. Maji siku ile yalikuwa yametakata, tuliwaona kwa macho, kwenye kina cha dhiraa mbili, wakizunguka chini ya boya letu bila kulijali. Baba mdogo alitazama uzi wake mwekundu, akatazama vishimo, akaniomba uzi mwingine. Nilikuwa na wa bluu tu, niliuchomoa kwenye pindo la shati. Akaufunga shibiri mbili juu ya ule mwekundu, akasogeza boya hapo, nyungunyungu mmoja badala ya watatu, akalirusha pembeni ya kishimo cha kwanza.